Shajara ya mradi wa jiokashi: wiki 8, kutoka kutafuta hadi kuficha

Lengo la mradi: mtu ambaye hajawahi kucheza aanze kwa kutafuta, na mwisho wa wiki ya nane awe ameficha kasha lake mwenyewe, limekubaliwa na linapatikana. Kuhusu maneno: jiokashi ni mchezo wenyewe, yaani kutafuta kwa GPS chombo kilichofichwa na wengine, kutia sahihi ndani yake na kukirudisha palepale. Chombo tunakiita kasha. Ni bahati kwamba Kiswahili kilikuwa na neno hilo tayari, tena likafanana kwa sauti na la Kiingereza, cache.

Mchezo una tarehe ya kuzaliwa. Tarehe 2 Mei 2000 Marekani ilizima upotoshaji wa makusudi wa ishara za GPS za kiraia, uliokuwa unasogeza usomaji hadi mita 100. Kesho yake Dave Ulmer akaweka ndoo nyeusi msituni karibu na Beavercreek, Oregon, akatangaza koordineti zake (namba zinazotaja mahali kwenye ramani) mtandaoni. Mike Teague akawa wa kwanza kuipata. Kwa sheria za leo ndoo ile ingekataliwa: ilifukiwa nusu ardhini, na ndani yake mlikuwa na kopo la maharage.

Wiki ya 1: namba kwanza, miguu baadaye

Mtu anaweza kupotea akiwa bado ameketi kitini. Geocaching.com, orodha kubwa kuliko zote za makasha, huandika koordineti kwa nyuzi na dakika zenye desimali tatu, kwa mfano N 3° 16.707'. Ramani nyingi za simu huandika nyuzi za desimali tupu: 3.27845. Ni mahali pamoja. Ukitaka dakika, chukua sehemu iliyo baada ya nukta uizidishe kwa 60: 0.27845 × 60 = 16.707. Ukitaka nyuzi za desimali, gawanya 16.707 kwa 60.

Kosa linalorudi kila mara ni kuandika 3.16707 kwenye ramani, eti namba ni zilezile. Matokeo yake ni kwenda kilomita 12 hivi pembeni. Simu haitalalamika, kwa sababu hiyo nayo ni koordineti halali ya mahali fulani. Mfumo wa tatu ni wa sekunde: 3° 16' 42.4". Ukikuta sekunde zimefika 60 au zaidi, jua umechanganya mifumo miwili.

Herufi za pande nne ziachwe kama zilivyo: N, S, E, W. Kwa Kiswahili hazifupishiki, maana kaskazini na kusini zote huanza na K, mashariki na magharibi zote M. Karibu na ikweta kosa la N na S ni gumu kulitambua kwa kuangalia namba tu, lakini nyuzi 1 iliyoandikwa upande usio wake hukupeleka zaidi ya kilomita 220 mbali.

Desimali ya tatu ya dakika ina uzito gani? Kwa latitudo ni mita 1.85. Kwa longitudo ni hiyohiyo kwenye ikweta, kisha hupungua kadiri unavyoelekea ncha za dunia, hadi nusu yake kwenye nyuzi 60. Kwa hiyo desimali ya nne ni mapambo, kwani hakuna simu inayoweza kuitetea. Hakikisha pia kifaa kimewekwa kwenye WGS84, mfumo wa ramani unaotumiwa na GPS. Vipokezi vya mkononi vina orodha ndefu ya mifumo ya ramani za zamani, na ukichagua usiofaa kila kasha litahama kwa makumi au mamia ya mita, yote upande mmoja. Ukiona unakosea daima kuelekea upande uleule, anza kuchunguza hapo.

Zoezi la wiki: nukta kumi, kuzibadilisha kwa mkono kwenda na kurudi, bila programu. Limekamilika.

Wiki ya 2: kuchagua kasha la kwanza

Kila kasha lina alama mbili, kuanzia 1 hadi 5 kwa hatua za nusu. Ya kwanza ni ugumu wa kulipata, ya pili ni ugumu wa njia. Njia ya 1 inapaswa kupitika kwa kiti cha magurudumu. Ya 5 inadai vifaa maalumu kama mashua au kamba za kupandia. Kwa makasha matatu ya mwanzo tumeweka kikomo cha 1.5 kwa alama zote mbili, aina ya kawaida tu (koordineti zilizotangazwa ndipo lilipo), na ukubwa usiopungua "dogo".

Ukubwa ndio unaowaponza wengi. Kasha dogo sana ni la chini ya mililita 100. Dogo ni mililita 100 hadi lita 1. La wastani ni lita 1 hadi 20. Kubwa ni zaidi ya hapo. Ndani ya kundi la "dogo sana" kuna vile vyombo vya sumaku vyenye ukubwa wa ncha ya kidole, na kwa kuwa mara nyingi havitengwi, anayeanza hupekua benchi zima akitafuta kitu kama sanduku la sabuni ilhali kilichopo kinafanana na kichwa cha bolti. Ndiyo maana kundi hilo tumeliahirisha hadi wiki ya 4.

Kabla ya kutoka, soma kumbukumbu tano za mwisho (taarifa za waliolitafuta) kwenye ukurasa wa kasha. Limepatikana mwezi huu? Nenda. Watu watatu wa mwisho wamelikosa? Acha, huenda halipo tena, na anayeanza hana namna ya kutofautisha kasha lililopotea na kasha asiloliona.

Akaunti ya bure ya Geocaching.com inatosha kuanzia, ingawa programu yao rasmi ya simu huonyesha sehemu tu ya makasha kwa asiyelipia. Kwenye Android ipo pia c:geo, ya bure na ya chanzo huria. Programu yoyote utakayotumia, pakua ukurasa wa kasha na ramani yake ukiwa bado na intaneti.

Mfuko wa vifaa ni mwepesi. Penseli mbili, kwa sababu penseli huandika kwenye karatasi yenye unyevu ambako kalamu ya wino hugoma. Kibano cha nyusi, cha kuvuta karatasi iliyoviringwa ndani ya kasha dogo sana. Ukivuta kwa kucha utaichana. Tochi na kioo kidogo cha mkononi, ili uone chini ya benchi au ndani ya tundu kabla ya kuingiza mkono. Nge na nyoka nao hupenda mashimo makavu. Glavu, maji, betri ya akiba.

Wiki ya 3: mita 10 za mwisho

Wiki hii ndiyo iliyochukua muda mrefu kuliko zote, na ilistahili.

Simu nzuri, mahali pa wazi, husoma kwa kosa la mita 5 hivi. Aliyeficha naye alikuwa na kosa lake. Makosa hayo mawili yakielekea pande tofauti, mshale wa programu unaosema "mita 0" unaweza kuwa mita 10 kutoka kwenye kasha bila kifaa chochote kuwa kibovu. Anayeliamini sifuri hilo huchimbua kichaka kimoja saa nzima. Basi kanuni ya mradi ni hii: ukifika mita 10, simu inaingia mfukoni.

Kabla ya hapo kuna mambo matatu ya kukagua. La kwanza, hali ya kuokoa betri izimwe. Kwenye simu nyingi hupunguza usomaji wa GPS, na nukta yako hubaki nyuma huku wewe unatembea. La pili, dira. Mshale ukizunguka ovyo ukiwa umesimama, tatizo liko kwenye kihisi cha sumaku, nacho huvurugwa na kava ya simu yenye sumaku, gari, au uzio wa chuma. Vua kava, chora namba 8 hewani mara kadhaa, kisha tembea mita 20 kwa mstari mnyoofu; ukiwa kwenye mwendo, programu inaweza kukadiria uelekeo kutokana na mabadiliko ya mahali bila kutegemea sumaku. La tatu, kuta na miti. Ishara ya setilaiti ikigonga ukuta mrefu ikaruka kabla ya kukufikia, hufika imechelewa, na kipokezi hudhani setilaiti iko mbali zaidi kuliko ilivyo. Majani yaliyolowa nayo hudhoofisha ishara, kwa hiyo msitu baada ya mvua hupotosha zaidi ya msitu mkavu.

Mbinu inayofanya kazi chini ya miti: toka nje hadi mita 30, tembea polepole kuelekea mshale unakoonyesha, weka alama ya macho (jiwe, shina) mahali mstari wako unapoelekea. Rudia kutoka upande mwingine, na wa tatu. Mistari haitakutana kwenye nukta moja. Itafanya pembetatu ndogo. Tafuta ndani ya pembetatu hiyo.

Kisha ni kazi ya macho. Swali la kujiuliza ni: "Ningekuwa mimi, ningelificha wapi hapa?" Tafuta kilichopangwa na mkono wa mtu: vijiti vilivyolala sambamba, rundo la mawe ambalo haliwezi kujipanga lenyewe, gome lililokaa vibaya, bolti isiyoshikilia chochote. Angalia usawa wa macho na juu pia, maana wanaoanza hukodolea ardhi tu. Hakuna kuchimba, kung'oa mmea wala kufungua boksi la umeme. Kama kulipata kunadai uharibifu, hauko mahali penyewe.

Wapita njia ni sehemu ya mchezo. Kasha likichukuliwa na mtu asiyejua ni nini, kosa kwa kawaida ni la mtafutaji aliyelifungua hadharani. Subiri wapite, jifanye unaongea na simu, lifungulie pembeni, lirudishe likiwa limefichika vilevile. Usiliboreshee maficho kwa huruma; ukilisogeza mita 3 umeongeza mita 3 kwenye kosa la kila atakayefuata.

Wiki ya 4: sahihi, kubadilishana, dokezo

Kupata kunahesabika pale jina lako la mchezo linapokuwa kwenye karatasi iliyo ndani ya kasha, pamoja na tarehe. Picha ya kasha haitoshi, na kuliona juu ya mti bila kulifikia hakutoshi. Ukichukua kitu, acha chenye thamani sawa au zaidi. Usiache chakula, wala kitu chenye harufu kama sabuni au mshumaa wa manukato, kwani wanyama hutoboa plastiki kwa ajili hiyo. Pombe, visu na risasi vimekatazwa kabisa. Kibati chenye namba ya kufuatiliwa, maarufu kwa jina la Travel Bug, si zawadi: kinasafiri. Ukikichukua, kisajili kisha kiache kwenye kasha jingine. Namba yake usiipige picha ukaiweka mtandaoni, maana mwenye namba anaweza kukisajili bila kukishika.

Ukikosa, andika umekosa. Wengi huona aibu wakanyamaza, na ukimya huo humdanganya mwenye kasha kwamba lingali salama. Kumbukumbu nzuri ya kukosa ni fupi na ina vipimo: dakika 30, usahihi wa simu mita 6, umekagua nini, nini hukukagua. Na usiache kasha lako jipya mahali pa lile usiloliona. Ukifanya hivyo, la awali likiwa bado lipo, patakuwa na makasha mawili na ugomvi.

Dokezo kwenye ukurasa wa wavuti huandikwa kwa fumbo jepesi: kila herufi husogezwa nafasi 13 katika alfabeti ya Kiingereza yenye herufi 26. A ni N, B ni O, mpaka M ni Z, kisha kinyume chake. "Chini ya jiwe" huwa "puvav ln wvjr". Kumbuka kuhesabu Q na X, ambazo alfabeti yetu haina, la sivyo hesabu itayumba kuanzia katikati.

Matokeo ya wiki: kibano kimethibitisha thamani yake kwenye makasha yote madogo sana.

Wiki ya 5: aina nyingine

Kwa ufupi tu. Kasha la hatua nyingi hukupa koordineti ya kwanza, nawe unakusanya vidokezo (mwaka kwenye bamba, idadi ya ngazi) vya kukokotoa inayofuata. Andika kila jibu kwa penseli, kwa kuwa kosa la hatua ya pili huonekana hatua ya nne. Kasha la fumbo lina koordineti ya uongo iliyotangazwa waziwazi kuwa ni ya uongo. La kweli kwa kawaida haliko zaidi ya kilomita 3.2 kutoka hapo, hivyo jibu likikupeleka baharini, rudia hesabu. EarthCache haina chombo: unajibu maswali kuhusu miamba au umbo la ardhi lililo mbele yako. Anayeanza afanye moja ya hatua nyingi kisha aendelee na kuficha, mafumbo yatamsubiri.

Wiki ya 6: chombo

Adui wa kasha ni maji, na maji hayahitaji tundu kubwa. Kasha likipigwa na jua hewa ya ndani hufika, tuseme, nyuzi joto 50. Mvua ikilipoza ghafla hadi 25, shinikizo la ndani hushuka kwa karibu asilimia 8, na chombo huanza kunyonya kupitia kila mwanya wa kifuniko. Ndiyo sababu kopo lililoonekana kavu kwenye sinki jikoni hukutwa na dimbwi baada ya mwezi mmoja nje.

Kipimo basi kinafuata njia hiyohiyo. Karatasi kavu ya shashi ndani, funga, loweka dakika 10 kwenye maji ya moto ya bomba, halafu litumbukize mara moja kwenye ndoo ya maji baridi ukiligandamiza kwa jiwe, na uliache hadi asubuhi.

Kikopo cha filamu ya kamera: shashi imelowa. Kinapendwa kwa sababu kinapatikana bure, na ni chombo kibaya. Kifuniko chake kinazuia vumbi, si maji. Kopo la bati la kahawa: limeingiza maji, na litashika kutu. Chombo cha chakula chenye vibanio pande nne na mpira wa silikoni: kavu. Bomba la chupa ya soda kabla halijapulizwa kuwa chupa, lenye kifuniko chake cha kuzungusha: kavu. Plastiki yake ni nene na uzi wake umetengenezwa kuhimili shinikizo, na ndiyo chaguo letu kwa makasha madogo sana.

Kilichoamuliwa kwa kasha la mradi ni chombo cha vibanio cha mililita 500, ndani yake daftari la sentimita 7 kwa 10 ndani ya mfuko wa zipu, penseli fupi, na vitu vichache vya kubadilishana. Tahadhari mbili. Mfuko wa zipu ukining'inia juu ya mpira wakati wa kufunga hufungua njia ya maji, kwa hiyo uwe mdogo kuliko chombo kwa sentimita 2 kila upande. Na vile vifuko vya chembechembe za kufyonza unyevu havina faida ya kudumu: vikishashiba, huketi tu humo vikiwa vimelowa.

Rangi ya kuficha ilibanduka jaribio la kwanza. Plastiki ya aina ya polipropilini haishiki rangi vizuri. Isugue kwa msasa hadi ipoteze mng'ao, kisha paka tabaka mbili nyembamba. Usipake sehemu ya mpira wala ukingo unaoukalia. Nje pameandikwa waziwazi kwamba ni kasha la mchezo, pamoja na jina la kasha. Chombo kisicho na maandishi chini ya daraja kinaweza kuita polisi.

Wiki ya 7: mahali na vipimo

Idhini ya mwenye ardhi au msimamizi wake imepatikana kabla ya jambo lolote. Masharti yaliyokaguliwa: pasiwe na sehemu nyingine ya kasha la kushikika ndani ya mita 161, hakuna kuchimba, hakuna msumari kwenye mti, si karibu na shule wala eneo la kijeshi. Mita 161 ina mtego, kwa kuwa inahesabu pia hatua za siri za makasha ya fumbo na ya hatua nyingi, ambazo ramani haizionyeshi. Mhakiki wa kujitolea, anayekagua kila kasha kabla halijatangazwa, huziona. Muulize mapema kuliko kushindilia jiwe bure.

Koordineti zimechukuliwa siku tatu, kila mara baada ya simu kutulia dakika 5 mahali pa wazi, na kati ya usomaji na usomaji mtu ametembea mita 30 na kurudi. Desimali za dakika za latitudo: .412, .415, .410, .414, .413, na .427. Huo wa mwisho umetupwa, kwa kuwa uko mita 26 hivi kutoka kwa wenzake. Sababu inajulikana, ulisomwa mara tu simu ilipotoka mfukoni. Wastani wa mitano iliyobaki ni .4128, ukaandikwa .413. Longitudo imefanyiwa vivyo hivyo.

Kipimo cha mwisho ni mtu ambaye hajaonyeshwa mahali. Amepewa koordineti tu. Alisimama mita 4 kutoka kwenye kasha, inakubalika.

Wiki ya 8: ukurasa

Maelezo yana mistari sita: njia ya kuingilia, mahali pa kuegesha gari, hatari (mteremko unateleza), na kwamba hakuna haja ya kutoka kwenye njia zaidi ya mita 3. Ugumu 1.5, njia 2. Tulishawishika kuandika ugumu 3 ili lionekane la heshima, lakini alama iliyokuzwa huwapotezea watu muda wakitafuta ujanja usiokuwepo. Dokezo: "nyuma, usawa wa goti".

Mhakiki alirudisha ukurasa mara moja akiuliza idhini imetoka kwa nani. Jibu limeongezwa, kasha limetangazwa.

Yaliyobaki kwenye orodha: ukaguzi wa kwanza baada ya mvua kubwa ya kwanza, halafu kila miezi mitatu, daftari la akiba na mpira wa akiba viko tayari. Kumbukumbu mbili mfululizo za kukosa zikiingia, kasha linazimwa kwa muda kwenye ukurasa siku hiyohiyo, na mtu anakwenda kuangalia.